Sura ya Sita: Kiambatisho cha Alhamisi

"Soma tena," fundi wa kompyuta alisema. "Safari hii usiishie kwenye jina."

Mpelelezi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Chuo kizima kilimwita Afande, ingawa sare aliivua miaka sita nyuma na sasa alikuwa mtu wa kukodiwa, mwenye mkoba mmoja wa ngozi na kalamu mbili. Alisoma kwa sauti, kama alivyoagizwa.

"Kiambatisho kimewekwa na karani wa kozi."

"Endelea."

"Mwezi wa tatu, tarehe kumi na nane." Kisha akamalizia kwa sauti ndogo, "Mwaka jana."

"Mwaka jana," fundi alirudia, akaegemea kiti chake kilichokuwa kikilia kila kikiguswa. "Miezi kumi na minne. Na mtihani wenyewe umetungwa wiki iliyopita. Sasa niambie, Afande, karani aliambatishaje mtihani ambao ulikuwa haujazaliwa?"

Mpelelezi alitoa leso akajifuta shingo. Mstari huo aliuona Jumatatu. Jina lilimtosha, akalirukia, na tarehe iliyokaa pembeni yake, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, akaipita kama mtu apitavyo jiwe la njiani.

Chuo kile kilifundisha waendesha kreni. Kuandikisha wanafunzi, kupanga kozi na kuwapelekea barua, yote hayo yalifanywa na programu moja. Siku mbili kabla ya mtihani, saa kumi na mbili kamili asubuhi, barua pepe ya kumbusho hujituma yenyewe bila mkono wa mtu. Nayo siku zote hubeba kiambatisho kimoja cha ukurasa mmoja: pita geti la pili, njoo na kitambulisho, vaa viatu vya usalama. Alhamisi iliyopita ilijituma kama kawaida kwa wanafunzi ishirini na sita. Ila walipofungua kiambatisho walikuta mtihani wa Jumamosi, maswali arobaini, majibu sahihi yote yamekolezwa weusi. Mwanafunzi mmoja alijibu kuuliza kama viatu vya usalama vitatoka kwenye mtihani. Mtihani ukafutwa, bodi ikamwita mpelelezi, na mpelelezi siku ya kwanza tu, kabla jua halijapanda vizuri, akawa ameshapata mwizi.

"Niambie polepole," alisema sasa. "Kiambatisho kiliwekwa mwaka jana. Walichopokea ni cha wiki iliyopita. Kiligeuka wapi?"

Fundi alivuta karatasi, akachora sanduku na mshale. "Programu hii haihifadhi faili. Inakumbuka njia tu. Mwaka jana karani aliiambia, kila ukituma kumbusho nenda kwenye folda ya pamoja, chukua faili inayoitwa Maelekezo, ambatisha. Basi. Siku ikifika inakwenda, inachukua ilichokikuta, inatuma. Haisomi wala haiulizi. Weka mle orodha ya nguo za kufua, itatuma nguo za kufua."

"Kwa hiyo karani hakugusa kitu."

"Hakugusa. Aliyegusa ni yule aliyehifadhi mtihani juu ya Maelekezo." Fundi alibonyeza mara mbili. "Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri. Kompyuta ya chumba cha walimu. Jina la kuingilia ni 'walimu', wanalitumia wote. Mimi naishia hapo."

Mpelelezi aliandika. Aliandika na tarehe, akaipigia mistari miwili.

"Jumatatu hukuniambia haya."

"Jumatatu ulisimama hapo mlangoni ukasema nikuchapishie ukurasa wenye jina. Nikakuuliza, jina tu? Ukasema jina tu, fundi, mimi nina haraka."

Hakikuwa kitu cha kubishia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo. Saa kumi bodi ingekaa, na juu ya meza ya mkuu wa chuo kulikuwa na bahasha yenye ripoti ya kurasa mbili na sahihi ya mpelelezi chini yake. Ikishapitishwa, karani angefukuzwa kwa barua ya wizi wa mtihani, na kwa barua kama hiyo hakuna ofisi ambayo ingemkaribisha hata kufagia.

Kutoka kwa fundi hadi chumba cha walimu hakuna njia nyingine isipokuwa kupita mapokezi. Mpelelezi alipita akitazama sakafu. Lakini kaunta aliiona vile vile, kwa sababu Jumatatu alisimama mbele yake kwa dakika ishirini.

Hapo ndipo alipomwamuru karani amwage mkoba wake. Wafanyakazi walikuwa wameitwa wote, na yeye alitaka waone jinsi kazi inavyofanywa. Kikatoka kitana, soksi moja ya mtoto, kitambulisho, vidonge vya kichwa, na mwisho kifurushi cha leso ya maua kilichofungwa fundo. Alikifungua mwenyewe. Meno ya bandia, safu ya juu, yamevunjika katikati, yakakaa pale kaunta yakiwachekea watu. Mmoja alicheka, wakafuata wengine. Karani alisema neno moja tu, "Ya mama, nayapeleka kutengenezwa," akayafunga tena. Alipoulizwa habari ya kiambatisho alijibu, "Sikuweka mimi," kisha akafunga mdomo. Na mpelelezi akaandika kwenye daftari: anaficha kitu.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini akatoa nakala ya mtihani uliovuja. Aliupitia kuanzia mwanzo, swali kwa swali, kazi ambayo angepaswa kuifanya Jumatatu. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, baada ya swali la arobaini, kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: *Mlinzi wa geti la pili atakuelekeza. Usisahau viatu vya usalama.*

Mstari huo aliuona mwanzo, akaudhania sehemu ya mtihani. Sasa aliutazama kwa muda mrefu. Mwizi anayetaka kuvujisha mtihani huchukua mtihani uliokamilika akautia kwenye barua. Hakai kuchapa maswali arobaini ndani ya faili ya Maelekezo, akabakiza viatu mkiani. Huyu aliyeandika hakuwa na nia ya kuiba. Alifungua karatasi ya zamani, akafuta yaliyokuwemo, akaandika yake pale pale, akahifadhi. Hiyo ilikuwa desturi ya mkono wake.

Basi mkono ulikuwa wa nani?

Ratiba ya watungaji ilibandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha walimu. Chuo kilikuwa na walimu wawili wa kreni, na zamu ya kuunganisha maswali ya mtihani huu ilikuwa ya yule kijana ambaye wenzake walimwita Bwana Tai, kwa sababu alivaa tai hata akiwa juu ya ngazi ya kreni. Mpelelezi alitoka kwa haraka. Akamkuta uwanjani akikagua minyororo, na kwa mara ya pili wiki ile akaanza kufungua mdomo kabla ya kufungua daftari. Akajizuia.

"Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilikuwa na wanafunzi kumi kwenye mazoezi ya kuinua." Bwana Tai alielekeza kwa kidevu. "Daftari la funguo lile pale. Hutaki kuniamini, liamini."

Mpelelezi alilisoma. Ufunguo wa kreni ulichukuliwa saa nane, ukarudishwa saa kumi na moja, sahihi ya Bwana Tai mara mbili. Alisoma na tarehe, akalinganisha na daftari lake, akasoma tena.

"Ratiba inasema kuunganisha mtihani ni zamu yako."

Kijana alilegeza tai. "Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeelemewa na mazoezi, Mwalimu Ndoano akaniambia, niachie, nitakumalizia. Akaumalizia. Bahasha ya mtihani ikaenda kwa mkuu kwa jina langu."

"Na Jumatatu ulisimama pale kaunta ukanyamaza?"

"Niliona haya kusema kazi yangu imefanywa na mzee. Halafu pia hukuniuliza, Afande. Ulikuwa umeshapata mtu. Nani angekuharibia?"

Mpelelezi alirudisha daftari la funguo kwenye msumari wake.

Mwalimu Ndoano alikuwa peke yake chumbani, mzee mwembamba mwenye mabega mapana, aliyepewa jina hilo kwa vile kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliondoka na agizo moja: macho kwenye ndoano. Alisimama kumpokea mgeni, akampa kiti kizuri, mwenyewe akakaa kwenye kibovu.

"Nahitaji maelezo mafupi ya kila mwalimu," mpelelezi alisema. "Mistari mitatu inatosha. Ulikuwa wapi Jumatano alasiri. Yawe na nembo ya chuo, tafadhali."

"Sasa hivi?"

"Kama hutajali, Mwalimu."

Mzee alivaa miwani. Hakufungua karatasi tupu. Alitafuta kwenye folda, akapata barua yake ya zamani ya kuomba likizo, akaifungua, akafuta maneno yaliyo chini ya nembo, akaanza kuchapa kwa vidole viwili.

"Kwa nini usianze na karatasi tupu?"

"Nembo," mzee alisema bila kugeuka. "Ukianza na tupu, nembo inaruka kwenda pembeni, mistari inakuja juu, ni vurugu tupu. Hapa kila kitu kimeshakaa sawa. Mimi ni mtu wa vyuma, kompyuta imenikuta ukubwani."

Alichapa mistari mitatu. Kidole kikaenda kuhifadhi, kikabaki hewani. Chini kabisa ya ukurasa ulikuwa umesalia mstari wa barua ile ya zamani: *...ruhusa ya siku nne nimuuguze dada yangu aliyeanguka.*

Mzee aliuona. Akaona pia kwamba mpelelezi ameuona. Aliondoa mkono kwenye kibodi taratibu, akauweka mapajani, mwingine ukaufuata.

"Dada anaendeleaje?" mpelelezi aliuliza.

"Anaendelea. Mguu umepona." Akakigeuza kiti chake. "Alivunja meno yake. Ya bandia."

Nje mnyororo wa kreni ulikuwa ukipanda, tak, tak, tak. Mpelelezi aliweka kalamu chini.

"Karani ni nani wako, Mwalimu?"

"Mtoto wake huyo dada. Ofisini ananiita Mwalimu, tulikubaliana hivyo ili watu wasiseme nimemleta."

"Na Jumatatu ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nyuma ya mashine ya kunakili." Mzee alivua miwani, akawa hana pa kuiweka. "Leso ile naijua. Meno nayajua, nilimpeleka mimi kuyapima. Ulipolifungua fundo nilitazama ukutani."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi saa mbili asubuhi. Mwanafunzi mmoja alinionyesha kwenye simu yake. Nikatambua maswali yangu, nikaona na viatu chini, nikajua ni mkono wangu. Nikasema nitakwenda kwa mkuu nikimaliza kipindi. Kipindi kikaisha nikasema saa sita. Kisha nikasema wataona ni mashine, na mashine haifukuzwi kazi. Kisha ukaja wewe ukampata mtu haraka namna ile..."

Hakumalizia. Mpelelezi hakumsaidia.

"Unajua somo langu la kwanza ni lipi?" mzee alisema. "Miaka thelathini na moja, somo la kwanza ni lile lile. Ukikosea na mzigo uko juu, piga ukelele hapo hapo, kabla haujamshukia mtu. Usione haya, haya itaua. Nimewasemesha vijana maneno hayo mpaka wanayaimba. Mzigo wangu ulikuwa juu ya mtoto wa dada yangu, nikaziba mdomo."

Mpelelezi alitafuta neno kali la kazi yake, maana ndipo mahali pake, hakulipata. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Mimi tangu saa saba najua hana kosa. Sasa ni saa nane na nusu. Simu ninayo mfukoni na namba yake ninayo. Sijampigia."

Wakatazamana, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kutazama.

"Twende," mzee alisema, akasimama. "Nikikaa tena hapa nitapata sababu."

Saa tisa na nusu karani aliingia mapokezi kukabidhi funguo za ofisi. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, amevaa nadhifu kama mtu anayekwenda kazini. Mkoba aliubana kwapani kwa nguvu. Mkuu wa chuo alikuwa upande wa pili wa kaunta, bahasha ya bodi mkononi. Mpelelezi alikuwa amemwomba aite watu wale wale wa Jumatatu, wasimame pale pale. Walikuja kwa shingo upande. Aliyecheka wa kwanza alisimama nyuma kabisa.

Mwalimu Ndoano hakungoja kuitwa. Alisema aliunganisha mtihani, aliuandika juu ya Maelekezo kwa ajili ya nembo, akahifadhi, na programu ikachukua ilichokikuta. Alisema alijua tangu Alhamisi. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ila haikupata pa kuegemea.

"Mimi ndiye," alimalizia. "Mkuu, niandikie mimi hiyo barua."

Karani aliweka funguo juu ya kaunta.

"Nilijua," alisema.

Mkuu wa chuo aligeuka. "Ulijua?"

"Alhamisi hiyo hiyo, nilipofungua kiambatisho nikaona viatu vya usalama chini ya swali la arobaini. Nani mwingine hapa huandika juu ya barua za watu?" Akamtazama mzee. "Nimekufundisha mara tatu, mjomba. Mara tatu, na kukuchorea kwenye karatasi."

Lile neno mjomba lilipita mapokezi yote. Bwana Tai alitazama viatu vyake.

"Kwa nini hukusema?" mpelelezi aliuliza. "Jumatatu nilikuuliza mara nne."

"Ningesema, ungemwaga na mkoba wake." Hakupandisha sauti. "Halafu nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Mama aliniambia, wewe tulia, kaka yangu hawezi kukaa na jambo kama hili siku mbili. Leo ni siku ya sita. Kila jioni ananiuliza, amesema? Namwambia bado."

Mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Hakuna aliyemshika, wala mwenyewe hakutaka kushikwa.

Mpelelezi alichukua bahasha kutoka kwa mkuu wa chuo, akatoa ripoti yake. Aliipasua vipande vinne. Kisha akasogea kaunta, akauweka mkoba wake wa ngozi pale palipokuwa na meno, akaanza kufungua kifungo.

"Unafanya nini?" karani aliuliza.

"Nilikuvua nguo mbele ya watu hawa. Nataka nami..."

Karani aliweka kiganja juu ya mkoba, ukafungika tena. "Sina haja na kalamu zako, Afande. Ukiumwaga huo utajisikia vizuri wewe. Mimi utanifaa nini?"

Fundi wa kompyuta alikohoa. Mpelelezi alibaki na mikono isiyo na kazi.

"Unataka nini, basi?"

"Barua. Waliosikia kuwa mimi mwizi hawapo hapa wote. Kuna wanafunzi ishirini na sita, kuna wafanyakazi wa zamu nyingine, kuna bodi. Iandikwe ilivyokuwa, nyote wawili mtie sahihi, na programu itawatumia wote kabla ya saa kumi. Kiambatisho nitakiweka mimi. Ndiyo kazi yangu."

Akazunguka kaunta, akakaa kwenye kiti chake, akawasha kompyuta. Mjomba aliletewa kiti kando yake. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye folda ya barua za zamani, ukakuta mkono wa karani umefika kabla yake. Karani alimfungulia karatasi tupu. Nembo ikaruka pembeni, kama mzee alivyosema, na karani akairudisha mahali pake bila neno.

Iliwachukua dakika kumi na tano. Mzee aliandika yake, mpelelezi akaandika yake chini yake, mistari sita: kwamba alitazama nusu ya ushahidi, kwamba alimpekua mtu asiye na kosa mbele ya wenzake, kwamba alihesabu ukimya wake kuwa wizi. Karani alihifadhi, akaambatisha, kisha, badala ya kutuma, akafungua kile kiambatisho upya kutoka ndani ya barua yenyewe, akageuza kioo kikawaelekea watu.

"Kabla haijaondoka isomwe," alisema. "Usome wewe, Afande. Kwa sauti."

Mpelelezi alisoma. Maneno ya mzee aliyasoma vizuri. Alipofika kwenye yake sauti ilikwama mara mbili, mara ya pili kwenye neno "nilimpekua", na mapokezi yakamngoja. Hakuna aliyecheka. Alisoma mpaka jina lake na sahihi, akanyoosha mgongo, akarudi nyuma hatua moja.

Kidole cha karani kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Hakikubonyeza.

"Jina nimelisikia," alisema. "Na pembeni yake?"

Mpelelezi alisogea tena, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na mbele ya wote akasoma tarehe.